MTOTO ASIRUDISHWE NYUMBANI KWA SABABU YA SHILINGI

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama, mfanya kazi wa reli, mbele ya mkutano wa tawi, Ngara)



Nimeombwa niseme machache juu ya watoto wetu. Pengine mtu atauliza: chama cha wafanya kazi ni cha mshahara na saa za kazi, mambo ya shule yanatuhusu nini? Namjibu hivi. Mshahara ukiisha kulipwa, hesabu ya kwanza ni kodi ya nyumba, ya pili ni chakula, ya tatu ni shule. Tukipigania nyongeza ya shilingi 500, na shule ikatoza shilingi 600, tumepata faida gani? Kwa hiyo neno la shule ni neno la mshahara.

Tuanze na hapa Ngara. Mwaka 1906 ilianzishwa shule ya watoto wa wafanya kazi wa reli, ndiyo iliyokuja kuitwa Jamhuri. Lakini ilikuwa ya watoto wa Wahindi. Siku zile Serikali ya kikoloni iligawanya shule kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na fedha hazikugawanywa sawasawa. Mwafrika wa reli aliyekaa Muthurwa alifanya kazi katika njia ile ile ya reli, lakini mtoto wake hakuwa na nafasi katika shule ile. Na baada ya taarifa ya Beecher ya mwaka 1949, mtoto wa Kiafrika alisoma miaka 4 kisha akachujwa kwa mtihani. Wengi waliishia hapo.

Sasa angalieni jambo hili. Mwaka 1935 Bwana Makhan Singh na wenzake walikifungua chama chao kwa wafanya kazi wa rangi zote, kikaitwa Labour Trade Union of Kenya. Shule zilikawia miaka mingi baada ya hapo kufanya vivyo hivyo. Chama kilitangulia, Serikali ikafuata. Ndiyo sababu sioni haya kuleta neno la shule katika mkutano huu.

Mwaka 1974 karo iliondolewa katika darasa la 1 mpaka la 4. Watoto wakajaa, vyumba vikawa haba, na shule zikaanza kutoza pesa za majengo. Mahali pengine pesa hizo zilizidi karo yenyewe, na watoto wengi wakaacha shule. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa tena, na watoto wakapanda kutoka karibu milioni 6 mpaka zaidi ya milioni 7. Serikali iliweka shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, yaani shilingi 85 kwa mwezi. Baadaye ikawa 1,420. Basi karo hutoka mlangoni, ikarudi dirishani kwa jina jingine: pesa za mtihani, pesa za masomo ya ziada, pesa za mlinzi, pesa za dawati.

Mtoto wa mwenzetu mmoja alirudishwa nyumbani kwa ajili ya shilingi 300. Baba yake alikuwa zamu ya usiku, mama yuko sokoni. Mtoto alikaa mlangoni mpaka saa nane ya mchana, na juma zima likapita bila masomo.

Ndugu, sheria inasemaje? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, pamoja na chakula, makao na matibabu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, yasema shule ya umma isitoze karo ya masomo. Malipo mengine yaweza kuwako kwa kibali cha Waziri, lakini mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kukosa kuyalipa, wala mtu asikusanye pesa bila kutoa risiti. Na sisi wazazi tumefungwa na sheria hiyo hiyo: mzazi asiyempeleka mtoto shuleni ana hatia.

Msitoke hapa kwenda kumtukana mwalimu. Mwalimu ni mfanya kazi kama sisi. Fedha za Serikali zikichelewa, yeye ndiye anayedaiwa chaki na mwenye duka. Adui yetu ni upungufu unaotupiwa mtoto aubebe.

Tena mambo yaweza kufanyika yakitakiwa. Mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha chakula cha mchana katika shule za umma, mzazi akilipa shilingi 5 tu kwa sahani. Mtoto mwenye njaa hasikii hesabu, aliyekula husikia. Fedha za kodi zikipangwa vizuri, hufika mpaka kwenye sahani.

Basi naleta maneno manne, mkutano uyaamue.

La kwanza: kila mwanachama adai risiti kwa kila shilingi anayotoa shuleni, na aiweke.

La pili: tawi liwe na daftari la watoto waliorudishwa nyumbani. Mzazi asiende peke yake. Waende wawili au watatu, kwa adabu, na nakala ya kifungu cha 29 mkononi.

La tatu: tuhudhurie mikutano ya wazazi. Halmashauri ya shule ina wajumbe 6 wa kuchaguliwa na wazazi. Tusipokwenda, watachaguliwa wengine, kisha tutalalamika njiani.

La nne ni letu na mwajiri. Mfanya kazi akihamishwa katikati ya muhula, mtoto hupoteza nafasi, sare na vitabu. Chama kidai uhamisho wa wenye watoto ufanywe wakati wa likizo za shule, na mshahara wa Desemba usichelewe, kwa kuwa Januari haingoji mtu.

Haya si maombi makubwa. Reli haiwezi kusimamishwa kwa sababu abiria mmoja amekosa shilingi. Kwa nini mtoto asimamishwe?