Pikipiki Kuukuu ya Magurudumu Manne: Kuwaka kwa Injini Bado Si Kupona

Msikilizaji, ukitoka katikati ya jiji la Dallas ukaelekea kusini kwa muda usiofika saa moja, majumba marefu hubaki nyuma, na nafasi yao huchukuliwa na malisho, nyua za seng'enge na mabanda ya bati. Ndani ya mabanda hayo, na katika mabanda ya magari ya nyumba za Arlington, Garland, na Katy iliyo magharibi ya Houston, kuna chombo ambacho hakikosi kuegeshwa pembeni, kimefunikwa turubai, tairi moja limekwisha upepo. Ni pikipiki ya magurudumu manne, ile ambayo Wamarekani huitaja kwa herufi tatu, ATV.

Miongoni mwa wanaoimiliki siku hizi wamo Wakenya, Watanzania na Wakongomani waliohamia Texas, hasa wale waliojinunulia ekari moja au mbili nje ya mji na kuanza kufuga mbuzi, jambo lisilo geni katika jimbo linaloongoza Marekani nzima kwa idadi ya mifugo hiyo. Mashine mpya hugharimu maelfu ya dola. Kuukuu, ya miaka ya 1990, hupatikana kwa mamia, na muuzaji huwa na kauli moja isiyobadilika: ilikuwa inawaka mwaka jana. Mnunuzi naye, aliyekulia jirani na fundi wa pikipiki na kuona kabureta ikifunguliwa chini ya mwembe na kufungwa tena kabla chai haijapoa, hujiambia kwamba kazi hiyo haimshindi. Mara nyingi ni kweli haimshindi. Tatizo ni kwamba wengi huweka spana chini siku injini inapotoa sauti.

Honda ilianza kuuza chombo cha aina hii Marekani mwaka 1970, kikiwa na magurudumu matatu na matairi manene laini. Suzuki ikaleta cha magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vile vya magurudumu matatu vilipinduka mno na kuua wengi, watoto wakiwamo, hata mwaka 1988 watengenezaji wakuu wakafikia makubaliano na serikali mbele ya mahakama mjini Washington na kuacha kuviuza. Sheria ya mwaka 2008 ikapiga marufuku kabisa kuingiza na kuuza vipya vya aina hiyo. Vilivyokwisha kuuzwa vilibaki mikononi mwa watu, na hadi leo hujitokeza katika minada ya vijijini. Anayetafuta mashine kuukuu afadhali asivitazame mara mbili, hata akipewa bure.

Za magurudumu manne zilizodumu ni nyingi. Honda FourTrax 300, iliyotengenezwa tangu mwaka 1988 hadi mwaka 2000, bado inavuta magogo na kubeba chakula cha mifugo, na vipuri vyake vinauzwa. Hata hivyo si kila karakana hukubali kupokea mashine ya umri huo. Malipo ya fundi kwa saa yanaweza kuzidi thamani ya chombo chenyewe baada ya siku mbili tu za kazi, na karakana haitaki kubishana na mteja. Ndiyo maana matengenezo hufanyika nyumbani.

Ugonjwa wa kwanza wa mashine iliyolala ni petroli. Dallas, Fort Worth na Houston zimo katika maeneo ambayo tangu mwaka 1995, chini ya mpango wa serikali ya shirikisho, hutumia petroli iliyosafishwa kwa namna ya pekee ili kupunguza moshi unaochafua hewa. Mwaka 2006 kemikali iliyokuwa ikichanganywa humo iliachwa kwa sababu ilikuwa ikichafua maji ya chini ya ardhi, na mahali pake pakachukuliwa na ethanoli, yaani kileo kinachotokana na mahindi, kwa kiasi cha asilimia 10. Kwa gari linalotumika kila siku hilo halina madhara makubwa. Kwa mashine inayokaa miezi minane bila kuguswa ni habari nyingine. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Houston, iliyo jirani na Ghuba ya Meksiko, haikosi unyevu. Maji yakizidi, hujitenga pamoja na kileo na kutuama chini ya tangi, mahali pale pale ambapo bomba huchotea mafuta. Petroli inayobaki ndani ya kabureta hukauka na kuacha utando wa manjano unaonata kama gundi, na utando huo huziba jeti ya mwendo wa chini, ambayo tundu lake ni jembamba kuliko la sindano.

Dalili yake inajulikana: injini huwaka kwa kuzuiliwa hewa tu, kisha huzimika mara inapoachiwa. Dawa ni kumwaga petroli yote, kufungua kabureta, kuloweka jeti katika dawa ya kusafishia na kupuliza kila njia kwa hewa ya kompresa. Kuzibua jeti kwa waya, ambako mafundi wengi wa Afrika Mashariki hukuzoea, hupanua tundu, na injini hunywa mafuta kupita kipimo siku zote. Aidha, mipira ya tangi na mabomba ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya kileo, hupasuka na kuvuja, hivyo ni bora kubadilishwa yote kwa pamoja. Mashine ikitarajiwa kukaa, kabureta inywewe mafuta hadi ikauke, au itumiwe petroli isiyo na ethanoli, ambayo huuzwa katika makopo kwenye maduka ya vifaa, kwa bei ambayo kwa kweli huumiza.

Kuna mtego mwingine kituoni. Mamlaka ya Mazingira ya Marekani, EPA, iliruhusu mwaka 2010 na 2011 mchanganyiko wa ethanoli wa asilimia 15, lakini kwa magari yaliyotengenezwa tangu mwaka 2001 tu. Pikipiki, mashua, mashine za kukatia nyasi na vyombo vya nje ya barabara havimo katika ruhusa hiyo. Pampu huwa na kibandiko cha kuonya, na bei yake aghalabu iko chini kidogo, basi mwenye haraka hujaza asichokisoma.

Kabureta ikiwa safi na injini bado inagoma, ukaguzi wa kawaida huenda kwa mfuatano: cheche ya plagi, hewa, kisha mgandamizo ndani ya silinda. Geji ya kupimia mgandamizo haina haja ya kununuliwa. Maduka makubwa ya vipuri huazimisha vifaa vya namna hiyo kwa amana inayorudishwa. Mgandamizo mdogo si lazima umaanishe pistoni imekwisha. Katika injini nyingi za umri huu ni vali zilizobana, ambazo hurekebishwa kwa spana ndogo, bisibisi na kipimo cha unene, injini ikiwa baridi, kwa kufuata kitabu cha mashine hiyo hiyo wala si cha jirani yake. Chujio la hewa la sponji lioshwe kwa maji ya sabuni, likaushwe, lipakwe mafuta yake. Sponji kavu haizuii vumbi la mashamba ya kaskazini mwa Texas, na vumbi likiingia, pistoni na ringi husagika kimya kimya.

Katika eneo la Houston huongezeka swali la mafuriko. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilizamisha mabanda mengi, na vyombo vilivyolala majini viliuzwa baadaye vikiwa vimeoshwa na kung'arishwa. Mnunuzi achomoe kijiti cha kupimia oili: ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Injini ya namna hiyo isiwashwe kamwe kwa pupa, kwani maji hayagandamiziki, na pistoni inayoyapiga huweza kupinda mkono wake. Plagi hutolewa kwanza, injini huzungushwa taratibu ili maji yatoke, kisha oili hubadilishwa mara mbili au tatu hadi ibaki safi. Difu nazo, ya mbele na ya nyuma kwa zenye kuvuta magurudumu yote, husahauliwa na karibu kila mtu.

Kaskazini adui ni baridi, ingawa mgeni haamini mpaka aione. Tarehe 16 Februari 2021 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth kilishuka hadi nyuzi 19 chini ya sifuri. Desturi ya nyumbani ya kujaza rejeta maji ya bomba, ambayo Mombasa au Dodoma haina athari ya haraka, hapa hupasua injini kwa usiku mmoja, kwa kuwa maji yakiganda hutanuka. FourTrax 300 hupozwa kwa hewa na imeepukana na balaa hilo. Zenye rejeta zinahitaji kipozeo cha kuzuia kuganda.

Sasa tuseme injini inanguruma vizuri. Hapo ndipo mwenye mali huwaita watoto wapande, na hapo ndipo mashine huwa hatari kuliko ilipokuwa imekufa, maana isiyowaka haijapata kumwangusha mtu. Breki za mbele za mashine nyingi za miaka hiyo ni za ngoma, na mpira wa kuzuia maji ukichakaa, matope huingia, bati za breki hushika kutu na silinda zake hukwama. Gurudumu likiinuliwa kwa jeki na kutikiswa juu na chini, kisha kushoto na kulia, mchezo wowote unaosikika ni beringi au viungo vya usukani vilivyolegea. Waya wa kuongezea mafuta ukinata, mashine haipungui mwendo dereva anapoachia. Kasoro hizi hazitoi sauti, na hazimzuii muuzaji kusema kwamba chombo kinawaka.

Matairi yanastahili neno la pekee. Mengi ya aina hii hujazwa pauni 3 hadi 5 tu kwa inchi ya mraba, kiasi ambacho kipimo cha gari hakiwezi hata kukionyesha sawasawa. Panahitajika kipimo maalumu cha shinikizo dogo. Anayejaza kwa mazoea ya gari hupata mashine inayorukaruka kama mpira na kupinduka katika kona. Tofauti ya pauni moja kati ya kushoto na kulia, ambayo garini haionekani, hapa huvuta usukani upande mmoja.

Banda lenyewe pia lina hatari zake. Nyumba nyingi za Texas huwa na mtungi wa kuchemshia maji kwa gesi humo humo mnamoegeshwa gari, na moto wake mdogo unatosha kuwasha mvuke wa petroli unaotambaa sakafuni. Tangi limwagiwe nje. Injini nayo isijaribiwe mlango ukiwa umefungwa, maana moshi wake una sumu isiyo na harufu. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Maduka mengi ya vipuri huipokea bila malipo.

Texas ni miongoni mwa majimbo yaliyoandikisha vifo vingi zaidi vya vyombo hivi tangu Tume ya Usalama wa Bidhaa ianze kuvihesabu katika miaka ya 1980. Tume hiyo hushauri kwamba aliye chini ya miaka 16 asipande mashine ya ukubwa wa mtu mzima, na FourTrax 300 ni ya mtu mzima. Katika ardhi ya umma ya Texas, kofia ngumu na kinga ya macho ni lazima. Ndani ya ekari ya mtu mwenyewe hakuna askari wa kukagua. Anayejua hali ya breki hizo ni yule aliyezifungua, ikiwa alizifungua.