Ufa katika Udongo wa Jiko

(Maelezo ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya wafinyanzi, wauza majiko na wakaazi wa Nyegezi, Mwanza. Yanachapishwa kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani.)



Mimi ni mtu wa visiwani, wala si mhandisi. Niliyonayo nimeyapata kwa kusoma na kuuliza. Ninyi mnaoishi kati ya majabali mnajua kwamba mpasua mawe huwasha moto juu ya jiwe kabla ya kushika nyundo. Tabaka la juu hutanuka, la chini likabaki baridi, na jiwe likapasuka. Jambo hilo hilo linalomlisha mpasua mawe ndilo linalomtia hasara mfinyanzi wa majiko.

Jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani yake lilianza kuenea kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Udongo ndio unaozuia joto lisipotelee kwenye bati. Ukipasuka na kumeguka, mkaa huliwa zaidi, na kaa la moto laweza kumwangukia mtoto miguuni. Nyumbani kwangu tulikuwa na desturi ya kuzima mkaa wa usiku kwa kata ya maji. Tulisikia mlio mdogo, tukadhani ni mkaa. Kumbe ni udongo: uso wake ulipoa na kusinyaa ghafla ilhali ndani bado ni moto, ukavutwa hadi ukaachana. Udongo uliochomwa huvumilia sana kukandamizwa, lakini kuvutwa hauwezi.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alieleza kwamba nguvu ya kitu cha namna hii hutawaliwa na ufa uliomo tayari, hata usioonekana kwa macho. Ufa ukirefuka mara 4, kitu hicho hubeba nusu tu ya mzigo kilioweza kuubeba mwanzo. Tena ufa haungoji siku ya kuvunjika: hutambaa polepole, na unyevu huusaidia. Wataalamu hukadiria mwendo wake kwa kanuni yenye kipeo, na katika kauri nyingi kipeo hicho hufika 20 au zaidi. Kwa kipeo cha 20, nguvu inayouvuta ufa ikizidi kwa asilimia 10 tu, mwendo wake huongezeka karibu mara 7. Ndiyo maana jiko hukaa na ufa miezi mingi bila madhara, kisha likavunjika kwa siku moja.

Mwaka 1969 mtaalamu D. P. H. Hasselman alionyesha jambo ambalo mimi binafsi lilinishangaza. Joto la ghafla huweka ndani ya kitu akiba ya nguvu, na akiba hiyo hugawanywa kwa nyufa zilizopo. Nyufa zikiwa nyingi na ndogo, kila mmoja hupata kidogo na husimama karibu. Udongo laini, mgumu, uliokazana, huwa na nyufa chache, na huo mmoja unaoanza hukimbia upande hadi upande. Hapo bibi zetu wafinyanzi walitangulia: vigae vya vyungu vikuukuu walivyoviponda na kuvichanganya na udongo mbichi ndivyo vinavyouzuia ufa njiani.

Kupima kunawezekana bila maabara kubwa. Fanyeni vipande vya udongo vya ukubwa mmoja, baadhi vyenye vigae vilivyopondwa na baadhi bila vigae. Vichomeni pamoja. Kisha vipasheni moto kwa viwango tofauti, vitumbukizeni majini, na mara vikaukapo vining'inizieni uzito hadi vivunjike. Kauri iliyokazana haibadiliki mpaka kiwango fulani cha joto, kisha nguvu yake huporomoka mara moja. Kwa alumina tofauti hiyo ya joto ni kama nyuzi 200 za Selsiasi. Udongo wenye chembe nene huanza ukiwa dhaifu kidogo, lakini hupungua taratibu.

Kwa aliye na jiko nyumbani, penseli yatosha. Kila Ijumaa, jiko likiwa limepoa, weka alama kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe. Nafasi kati ya alama zikianza kupanuka, nunua kikombe kingine kabla hicho hakijamwaga moto. Na mkaa uzimwe kwa kufunikwa, si kwa maji.