Seneta Mbele ya Wilaya Iliyomchagua



Kutoka Kigali hadi Kamembe, mji mkuu wa Wilaya ya Rusizi, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na barabara hupenya katikati ya msitu wa Nyungwe kabla ya kuteremka kuelekea Ziwa Kivu. Ng'ambo ya mto ni Bukavu. Askari aliyewahi kukaa zamu katika kivuko cha Rusizi ya Kwanza au Rusizi ya Pili anazijua nyuso za akina mama wanaovuka alfajiri na vikapu vyao, anakijua kisiwa cha Nkombo, na anazijua tambarare za mpunga za Bugarama. Yafaa kuuliza, katika pembe hii iliyo mbali na wizara zote, ni nani anayefuatilia faranga iliyotengwa Kigali mpaka ifike Nkombo ikiwa nzima.

Jibu la kwanza ni Baraza la Wilaya lenyewe. Jibu la pili ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Lakini lipo jibu la tatu ambalo halisemwi sana, nalo ni seneta.

Itakumbukwa kwamba Seneti ya Rwanda iliundwa kwa Katiba ya mwaka 2003, nchi ingali inajijenga upya baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Maseneta ni 26. Kati yao 12 huchaguliwa mikoani na katika Jiji la Kigali, 8 huteuliwa na Rais wa Jamhuri, 4 hutoka katika Jukwaa la Vyama vya Siasa, na 2 hutoka katika vyuo vikuu. Mwaka 2003 Cyangugu ilikuwa bado mkoa unaojitegemea, nayo ilimchagua seneta wake peke yake. Mageuzi ya mwaka 2006 yaliufuta mkoa huo. Rusizi ikawa wilaya mojawapo ya wilaya 7 za Mkoa wa Magharibi, na mkoa mzima sasa huchagua maseneta 3, kama ulivyofanya tena mwezi Septemba 2024.

Hao 3 hawachaguliwi na kila mwananchi. Huchaguliwa na viongozi wa mabaraza ya wilaya na ya sekta, yaani watu wale wale wanaopitisha bajeti ya wilaya, wanaopokea taarifa za meya, na ambao hesabu zao hukaguliwa kila mwaka. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Seneta anayesimama Kigali kuuliza kwa nini soko fulani limejengwa na halitumiki, au kwa nini mkandarasi ameiacha kazi nusu, huenda anamuuliza mtu aliyempa kura.

Zamani tatizo hili lilikuwa na dawa. Katiba ya mwaka 2003 ilimpa seneta miaka 8 isiyorudiwa. Alikwenda, akatumika, akarudi nyumbani, na hakuwa na sababu ya kumbembeleza mtu. Katiba iliyorekebishwa mwaka 2015 ilipunguza muda huo ukawa miaka 5, unaoweza kurudiwa mara moja. Mabadiliko hayo yana faida yake, maana mwenye kutaka kurudi hulazimika kuonekana kwa wapiga kura wake. Lakini yana hatari yake pia, na si vibaya kuitaja waziwazi: mwenye kutaka kurudi anaweza kushawishika kunyamaza.

Wengine husema kwamba kunyamaza au kusema ni mamoja, kwa kuwa Seneti haina nguvu juu ya fedha. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Seneti haipigi kura ya mwisho juu ya bajeti. Kazi hiyo ni ya Baraza la Wabunge. Wala haiwezi kupiga kura ya kutokuwa na imani na waziri. Hata hivyo, bajeti haipitishwi mpaka Spika wa Baraza la Wabunge aombe maoni ya Seneti. Taarifa ya Mkaguzi Mkuu nayo hupelekwa katika mabaraza yote mawili. Isitoshe, seneta anaweza kumwuliza Waziri Mkuu swali la mdomo au la maandishi, na Seneti inaweza kuunda tume ya uchunguzi. Mwenye zana hizo hawezi kusema hana silaha. Na ninyi askari mnalo jambo la kuangalia hapa, kwa sababu sheria zinazohusu ulinzi na usalama hupita mikononi mwa Seneti hiyo hiyo.

Nchi ya Kenya imechagua njia nyingine. Huko kila kaunti humchagua seneta wake kwa kura ya wananchi wote, na Katiba ya mwaka 2010 imewapa maseneta kazi ya kuzisimamia fedha za taifa zinazogawiwa kaunti. Magavana kadhaa walipokataa kwenda kujibu maswali ya hesabu, shauri lilifika Mahakama Kuu, nayo mwaka 2014 ikaamua kwamba Seneti ina mamlaka ya kuwaita. Kenya imelipata hilo kwa mabishano makali. Mwaka 2020 mgawanyo wa fedha za kaunti ulikwama kwa miezi kadhaa. Rwanda haina haja ya kuiga kelele. Ila lile la kiongozi wa eneo kuketi mbele ya seneta, vitabu vyake vikiwa wazi mezani, hilo ni jambo jema popote.

Swali jema basi ni lipi? Chukua mfano wa madarasa. Mwaka 2020 serikali iliamua kujenga zaidi ya madarasa 22,000 nchini kote ili kuondoa msongamano wa wanafunzi na kuwapunguzia watoto safari ndefu. Kazi ilikwenda kwa kasi, wilaya ndizo zilizoisimamia, na wananchi walitoa nguvu zao. Baadaye yalisikika katika wilaya mbalimbali malalamiko ya waashi na wauza vifaa waliokuwa bado wanangoja malipo. Seneta akisimama na kusema kwamba elimu ni muhimu, hajamsaidia mtu. Akiuliza ni waashi wangapi wanaoidai wilaya, tangu mwezi gani, na fedha zao zimeandikwa katika kifungu gani cha bajeti, meya hana budi kurudi na tarakimu. Huenda mmoja wa waashi hao ni ndugu wa askari anayesikiliza sasa hivi.

Mfano mwingine ni bima ya afya ya jamii, ile ambayo wengi huiita mituweli. Kwa miaka mingi michango ilikusanywa na kusimamiwa huko huko chini, madeni ya hospitali yakaongezeka, mpaka mwaka 2015 usimamizi ukahamishiwa katika Bodi ya Hifadhi ya Jamii. Dosari za namna hiyo haziji kwa siku moja. Zilikuwa zikionekana katika vituo vya afya kabla hazijaonekana Kigali, na aliyezipita kwa miguu angeweza kuzileta katika mjadala mapema.

Kwa hiyo seneta wa Magharibi hawezi kuifanya kazi hii akiwa Kigali tu. Itampasa apande mashua kwenda Nkombo, ateremke Bugarama, aingie katika zahanati bila kutangulizwa na ngoma. Ofisa wa jeshi anayekagua ghala huifungua sanduku, hatosheki na maandishi yaliyobandikwa juu yake. Mkuu wa kituo cha polisi huhesabu silaha kwa mkono wake kabla ya kutia sahihi daftarini. Hakuna anayeudhika, kwa kuwa ukaguzi ni sehemu ya kazi, na aliyekaguliwa leo atakagua mwingine kesho.

Mwaka wa fedha wa Rwanda huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hapo taarifa ya Mkaguzi Mkuu huwa imekwisha kufika Bungeni, na maoni ya Seneti huwa yanasubiriwa na wabunge. Katika majuma hayo machache ndipo wajumbe wa Rusizi watakapojua kama mtu waliyemtuma Kigali amewauliza wao pia.