Kabla ya Kulipa Karo ya Kozi ya Kutengeneza Tovuti

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana na wazazi



Nimepewa dakika chache kuzungumzia jambo ambalo wengi wenu huniuliza. Mtu mwenye kazi yake, awe anaendesha bodaboda Rongo, anahudumu katika duka la M-Pesa Isebania au anafundisha chekechea Ndhiwa, atachaguaje kozi ya jioni au ya wikendi ya kutengeneza tovuti? Swali hili si dogo. Karo hii ni pesa za chama, ni ng'ombe aliyeuzwa, ni akiba ya mwaka mzima. Ikipotea, haitarudi.

Kwanza, jueni mnachoenda kujifunza. Tovuti hujengwa kwa vitu vitatu. HTML ni kuta na vyumba, CSS ni rangi na mpangilio, nayo JavaScript ndiyo inayofanya mlango ufunguke ukibishwa. Iko pia WordPress, programu isiyolipiwa iliyoanza mwaka wa 2003, inayomwezesha mtu kuunda tovuti bila kuandika kila kitu tangu mwanzo. Anayetaka kuhudumia hoteli, shule na makanisa ya hapa kwetu anaweza kuanza na WordPress pamoja na misingi ya HTML na CSS. Anayetaka kuajiriwa na kampuni kubwa za Nairobi au za ng'ambo ajue kwamba safari yake ni ndefu zaidi. Kozi ikikuahidi yote hayo kwa wiki nne, rudi nyumbani na pesa zako.

Pili, jaribu kabla ya kulipa. Masomo ya mwanzo yanapatikana bure kwenye tovuti kama freeCodeCamp na W3Schools, kwa Kiingereza chepesi. Jipe wiki mbili, hata kama ni saa moja kwa siku kwenye saiba. Simu itakusaidia kusoma, lakini kazi yenyewe inataka kompyuta. Ukiona baada ya wiki mbili kwamba hamu imeisha, umepoteza pesa kidogo tu. Ukiona bado unataka kuendelea, utaingia darasani ukijua cha kuuliza.

Tatu, hesabu gharama yote, si karo peke yake. Tuchukue mfano. Darasa la jioni tatu kwa wiki, saa mbili kila jioni, kwa wiki 12, ni saa 72 za masomo na safari 36. Ikiwa nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 300, nauli peke yake ni shilingi 10,800. Darasa la Jumamosi la saa nne, kwa wiki hizo hizo 12, ni saa 48 na nauli ya shilingi 3,600. Saa zimepungua, lakini kwa anayetoka mbali huenda Jumamosi ndiyo itakayomfikisha mwisho. Ongeza bando za intaneti. Akina dada na akina mama, ulizeni pia darasa linafungwa saa ngapi na gari la mwisho linaondoka saa ngapi.

Linganisha kalenda ya darasa na ya kazi yako. Mvuvi wa omena wa Mbita au Muhuru Bay hushinda ziwani usiku wakati wa giza la mwezi. Darasa la jioni litamshinda. Lakini uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Hiyo ni miezi minne ya kusoma.

Nne, kikague chuo. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya mwaka wa 2013 inataka kila chuo cha aina hii kiwe na leseni ya mamlaka iitwayo TVETA. Omba kuiona leseni, kisha thibitisha na mamlaka yenyewe. Lipa kwa akaunti ya chuo, usilipe kwa namba ya simu ya mtu, na uchukue risiti. Uliza pia maswali haya: Mkufunzi ni nani, na ametengeneza tovuti gani? Kila mwanafunzi ana kompyuta yake, au watatu wanagawana moja? Stima ikipotea, somo hufidiwa lini? Tena omba uonyeshwe tovuti tatu zilizotengenezwa na wanafunzi waliomaliza, zifungue kwenye simu yako palepale. Chuo kisichoweza kuonyesha hata moja kinauza cheti.

Sisemi cheti hakina maana. Katika ofisi za umma mara nyingi utaulizwa. Lakini mwenye hoteli Kendu Bay atakuuliza, "Umefanya kazi gani?" Kwa hiyo chagua kozi ambayo utaimaliza ukiwa na tovuti moja kamili ya mtu halisi. Kazi hazikosekani: wageni wanaotafuta Thimlich Ohinga, iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2018, wanahitaji kulala na kula mahali, na waongoza watalii na wenye nyumba za wageni wanahitaji kuonekana.

Tano, uliza kama kozi inafundisha mambo ya baada ya ujenzi. Anwani za .co.ke husimamiwa na KeNIC, na hulipiwa upya kila mwaka, vivyo hivyo seva. Fundi akiiandikisha anwani kwa jina lake mwenyewe kisha ahame, mwenye biashara hubaki bila tovuti. Anwani iandikwe kwa jina la mwenye biashara. Fundi anayejua hili ndiye atakayeitwa tena kila mwaka.

Mtaanzia wapi kuuliza? Katiba ya 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya kaunti, kwa hiyo anzeni na kilicho karibu nanyi. Ulizeni pia Chuo Kikuu cha Rongo, Chuo Kikuu cha Tom Mboya, na taasisi ya kiufundi ya Mawego. Ajira Digital, mpango wa serikali ya kitaifa ulioanza mwaka wa 2016, hutoa mafunzo ya bure ya kazi za mtandaoni kwa jumla. Ni mlango mzuri kwa asiye na karo. Tembeleeni sehemu mbili au tatu kabla ya kuamua, na wazazi, msiwaharakishe watoto walipe siku ya kwanza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kikitoboka hakijai.

Sasa tupokee maswali.