SIFURI NINAYOJIVUNIA

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme mtaalamu wa sayansi hujivunia nini katika kazi yake. Wengi mtadhani ni kuvumbua kitu. Mimi ni daktari wa mifugo wa serikali, na leo nitazungumza juu ya kitu kilichotoweka: ugonjwa wa sotoka.

Wazee wetu waliujua. Katika miaka ya 1890 uliteketeza sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na njaa ikafuata. Ng'ombe alitokwa na machozi, akapata vidonda mdomoni, akahara, na baada ya siku chache akawa mzoga.

Dawa ya kuukinga ilipatikana kwa jirani. Huko Muguga, nchini Kenya, Walter Plowright na mwenzake R. D. Ferris walikuza kirusi cha sotoka katika seli za figo za ndama, wakakihamisha chupa hadi chupa mara 90 hivi, hata kikapoteza ukali wake. Chanjo hiyo, waliyoieleza mwaka 1962, ilimkinga ng'ombe maisha yake yote kwa sindano moja. Mwaka 1999 Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Alifariki mwaka 2010. Mwaka uliofuata, 2011, ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Mwenyewe hakuwahi kuisikia habari hiyo.

Lakini chanjo peke yake haikutosha. Ilibidi kuthibitisha kwamba ugonjwa haupo. Kwa hiyo chanjo ilisimamishwa, maana ng'ombe aliyechanjwa na aliyeugua akapona, damu zao hufanana zikipimwa. Kisha sisi vijana tukatumwa boma kwa boma, kutazama midomo ya ng'ombe na kutoa damu.

Nilikuwa nimeajiriwa mwaka 2004. Siku moja lilibaki boma moja, mbali, pasipofika gari, na jua lilikuwa kali. Nikakaa chini ya mgunga, nikaandika sifuri kwenye fomu. Dereva wetu, mzee ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, akaniuliza, "Daktari, umewaona hao ng'ombe?"

Nikamjibu, "Watakuwa wazima tu, mzee."

Akasema, "Basi andika kwamba hukuwaona."

Niliona haya. Nikaichana ile fomu, tukaenda kwa miguu saa mbili nzima. Ng'ombe wote walikuwa wazima. Nikaandika sifuri, ile ile niliyoiandika chini ya mti.

Wadogo zangu, lile tangazo la 2011 lilisimama juu ya maelfu ya sifuri za namna hiyo, zilizoandikwa na watu ambao majina yao hayamo kitabuni. Kama ugonjwa ungekuwa umejificha katika boma lile, ungewakuta ng'ombe wasio na kinga, nami ningekuwa nimeufungulia mlango kwa kalamu yangu.

Mkiniuliza najivunia nini, ni fomu ile ya pili. Na kila nikumbukapo ile ya kwanza, namshukuru yule dereva.