Naye Apewe Kigoda

(Mazungumzo ya redio)

Tumekuja na habari za mtoto ambaye katika nyumba nyingi hakaribishwi sebuleni.

Mnamjua. Ni yule ambaye wageni wakibisha hodi hupelekwa chumba cha nyuma, akapewa kipande cha mkate ili anyamaze. Ana miaka mitano na hajasema "mama". Au husema, lakini maneno ni yale yale aliyoyasikia redioni, akiyarudia kutwa. Matatu ikipiga honi huziba masikio. Huweza kupanga vifuniko vya soda katika mstari mmoja tangu asubuhi hata jioni, nawe ukiondoa kimoja hulia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Hali hii huitwa usonji. Na wako ndugu zake wa karibu. Yuko yule mwerevu wa kutengeneza gari la waya, lakini akifungua kitabu herufi humkimbia. Yuko yule asiyeweza kuketi hata dakika moja, kila mtu akimwita mtundu. Ubongo wa watoto hawa umejengwa kwa namna ya pekee tangu mwanzo. Hawakuambukizwa na mtu, wala si kwamba wamelelewa vibaya.

Lakini swali la kwanza liulizwalo nyumbani ni hili: Nani aliyekosa? Watu wa upande wa baba husema ukoo wa mama una jambo. Upande wa mama hutaja laana ya babu mmoja wa kule kwa baba. Jirani naye ana lake. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi waliuliza swali hilo hilo mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu, na jibu walilopewa ni kwamba si yeye aliyetenda dhambi wala si wazazi wake. Sura hiyo husomwa makanisani mara nyingi, na bado mama huulizwa swali lile nje ya kanisa lile lile.

Wala tusidhani huu ni ushamba wa kwetu peke yetu. Kule Marekani, mwaka 1943, daktari Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Baada yake wakatokea wasomi wakubwa waliofundisha kwamba usonji huletwa na ubaridi wa mama asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim wa Chicago alilieleza jambo hilo kwa kitabu kizima mwaka 1967, na akina mama wengi wakabeba aibu isiyo yao. Bernard Rimland, mtaalamu ambaye yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa namna hiyo, alikuwa amekwisha kulipinga neno hilo kwa kitabu chake cha mwaka 1964, akionyesha kwamba chanzo kimo katika mwili. Hata hivyo uongo ule ulichukua miaka mingi kufa. Basi mama wa Gilgil anayeambiwa amerogwa, na mama wa Chicago aliyeambiwa ana moyo wa barafu, walitwikwa mzigo mmoja.

Mzigo huo una gharama. Mbuzi huuzwa, kisha shamba hukodishwa, fedha zikaenda kwa mganga, au kwa mtu anayedai malipo ili amwombee mtoto. Sisi hatusemi watu wasiombe. Twasema neno moja, na tafadhalini mlishike: watoto wengi wenye usonji wana kifafa pia, na mtoto anayetumia dawa za kifafa asiachishwe dawa hizo kwa sababu ya ahadi ya mtu awaye yote. Kuziacha ghafula kwaweza kumwua.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuleta. Wazazi wengi hukaa wakingoja. Wanangoja mtaalamu atokee Nairobi, wanangoja nafasi katika shule maalumu, wanangoja fedha. Nakuru iliitwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini mama wa Kuresoi bado ana safari ndefu na nauli nzito kabla ya kufika kwa daktari. Na miaka ya utoto haingoji nauli. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo kwa walezi wa watoto wa namna hii, walio na miaka 2 hadi 9: mikutano 9 ya kikundi na kutembelewa nyumbani mara 3. Kenya na Ethiopia zimo katika nchi ambamo yamejaribiwa. Anayefundisha si lazima awe daktari. Na kilichomo ndani ya mafunzo hayo ni nini? Kula, kuoga, kuvaa, kucheza na kazi ndogo ndogo za nyumba. Yaani darasa ambalo kila nyumba inalo tayari, ila mtoto wetu ametolewa nje.

Chukueni kupukuchua mahindi. Nyumba nzima huketi kuzunguka turubai baada ya mavuno, kila mtu na kigoda chake, hadithi zikiendelea, naye yuko chumba cha nyuma. Twamkumbuka nyanya mmoja wa upande wa Njoro aliyekataa mpango huo. Alimtoa mjukuu wake akamketisha kando yake. Mtoto hakupukuchua hata punje moja. Aliyachukua magunzi akayapanga mstari, kama kawaida yake. Wengine wakasema, mwona, anaharibu kazi. Nyanya hakumnyang'anya. Alichukua gunzi moja akaliweka mwisho wa mstari wa mtoto, kisha akangoja. Mtoto akaweka jingine, nyanya naye akaweka la kwake. Walifanya hivyo siku nyingi, zamu kwa zamu, nyanya akisema neno moja tu kila mara: "Gunzi." Siku moja alichelewesha zamu yake makusudi. Mtoto aligeuka akamtazama usoni, akamnyoshea gunzi mkononi.

Asiyemjua mtoto huyo ataona ni jambo dogo. Lakini huko kumtazama mwenziwe na kumpa kitu ili mchezo uendelee ndiko kunakotangulia maneno. Nyanya yule alianza na kile mtoto alichokipenda mwenyewe. Alishuka hata macho yao yakawa sawa. Alitumia maneno machache, naye alingoja. Katika hayo yote, kungoja ndiko kugumu kupita yote kwetu watu wazima. Twauliza swali, na kabla mtoto hajalisikia vizuri tumekwisha kuliuliza mara tatu kwa sauti ya juu. Hesabu moja mpaka tano kimya kimya kabla ya kurudia.

Kazi ikiwa ndefu, ikateni vipande. Kunawa mikono kwetu ni jambo moja, kwake ni mambo sita au saba: maji, sabuni, kusugua, kusuuza, na kadhalika. Fanyeni pamoja naye, mkono wako juu ya wake, na umwachie kipande cha mwisho akitimize peke yake, yaani kujipangusa kwa taulo. Msifuni hapo hapo. Akikiweza, mwachieni na kile kinachotangulia. Hivyo kila siku anamaliza kazi, badala ya kila siku kushindwa mwanzoni. Kuvaa sweta hufundishwa vivyo hivyo, na kupeleka vikombe, na kuwatupia kuku mahindi. Mtoto aliye na kazi yake nyumbani, hata ikiwa ni ya kuleta kijiko tu, hutajwa na watu kwa jina lake: "Fulani, kijiko kiko wapi?"

Asiyesema, msimfanye kuwa kiziwi. Kwanza apimwe masikio hospitalini, maana wako waliodhaniwa kuwa na usonji kumbe hawasikii. Kama anasikia, semeni naye. Mwonyesheni kikombe cha chai na kikombe cha maji, achague kwa kidole. Wengine huogopa kwamba akizoea kuonyesha kwa kidole au kwa picha atavivia kusema. Sivyo. Mtoto aliyeonja faida ya kueleweka hutafuta njia zaidi za kueleweka.

Kisha kuna zile ghadhabu. Hapo kiboko hushikwa upesi. Lakini angalieni kwanza, jambo gani lilitangulia? Labda njia ya kwenda sokoni ilibadilishwa bila kuambiwa, au ni sweta linalomwasha shingoni, au ni kelele, au njaa ambayo hana neno la kuitaja. Watoto hawa wengi hushikilia utaratibu kwa sababu ulimwengu huwajia kwa vurugu. Basi mpeni utaratibu: chai, kisha kuoga, kisha viatu. Mambo yakibadilika, mwambieni mapema, na mwonyesheni kitu: kikapu kikitolewa, tunakwenda sokoni. Kiboko hakiwezi kumfundisha neno "njaa". Wala si cha kumponya yule ambaye herufi humkimbia. Shuleni viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, na ni ajabu mtoto aliyeokolewa huko akipigwa jioni juu ya daftari lile lile. Mwacheni asome kidogo kidogo, mkubwa akisoma kwa sauti pamoja naye, na gari lake la waya lisifiwe mbele ya watu.

Tuseme na baba sasa. Tumeona nyumba ambazo baba alihama baada ya kusikia habari za mtoto, na nyingine ambazo baba yupo kwa mwili tu. Baba, chukua saa moja ya jioni iwe yako na mtoto huyu, ili mama aketi. Mama asiyelala hawezi kungoja mpaka tano. Mafunzo yale ya Shirika la Afya Duniani yameweka nafasi ya afya ya mlezi mwenyewe, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo sehemu inayosahauliwa upesi zaidi. Shangazi, mjomba, jirani, shikeni zamu. Na yule dada mkubwa, msichana wa miaka kumi na miwili, msimfanye yaya wa kudumu. Naye ni mtoto, ana vitabu vyake na marafiki zake.

Kazi za nyumbani hazikatazi msaada wa nje. Vituo vya upimaji wa watoto, vile viitwavyo EARC, vilianzishwa nchini mwaka 1984. Ulizeni katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu. Nendeni na kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, na habari za mtoto mlizoziandika: alitembea lini, husema nini, humwogopesha nini. Mzazi aliyekaa na mtoto jikoni atakuwa na mengi ya kuandika. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, humpa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kupata elimu, tena haki ya kutoitwa kwa namna ya kumdharau. Kwa hiyo lile neno la "punguani" liondolewe vinywani. Na wazazi wakiungana hufika mbali. Mwaka 2003 wazazi walianzisha chama cha Autism Society of Kenya, na kwa juhudi kama hizo watoto wenye usonji wakapata madarasa yao ndani ya shule ya serikali, City Primary, Nairobi.

Limebaki kanisa. Spika zetu zina nguvu kuliko jengo lenyewe, na mtoto anayeumizwa na kelele hawezi kustahimili saa tatu mbele yake. Mwenye mitambo aipunguze sauti kidogo, Mungu atasikia. Mwalimu wa shule ya Jumapili, mpe mtoto huyu kazi ya kugawa vitabu au kukusanya kalamu, na umwambie mapema wimbo ukikaribia. Akisimama na kuzunguka, mwache azunguke.

Na wewe mama uliyekaa nyumbani miezi hii yote kwa sababu siku ile watu waligeuka wakatazama, Jumapili ijayo njoo naye. Keti kwenye benchi la karibu na mlango wa pembeni, utoke na kurudi upendavyo. Wazee wa kanisa, benchi hilo lisikaliwe na mtu mwingine mpaka mama huyo afike.