Cheti cha Daktari kwa Simu

Ndugu wafanya kazi wa Leparua,

Tumeulizwa: daktari akikutibu kwa simu, na cheti kikaja kwa simu, je, tajiri aweza kukikataa kwa kuwa si karatasi? Twajibu hivi. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 30, baada ya miezi 2 kazini, yatupa kila mwaka angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu. Yataka cheti chenye sahihi ya daktari wa haki, karatasi haikutajwa. Na Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 yakubali matibabu ya mbali.

Lakini mwarifuni tajiri mapema. Cheti cha kununua kitatuharibia sote. Cha kweli kikikataliwa, kileteni chamani.